Mamba wa Nile tumpasue tumwone ndani: uzi kwa wanaodhani ni mjusi mkubwa tu

Kasia Mbili:
Wakuu, habari za humu.

Kila mamba anapomkamata mtu mtoni, jukwaa linajaa picha, pole na hasira, na mjadala unaishia palepale: huyu anasema wauawe wote, yule anasema mamba mwenyewe alikuwa wa kutumwa. Leo mikasa tuiweke pembeni, tumwangalie mnyama mwenyewe: kaumbwaje, anaishije, katokea wapi. Ninayemzungumzia ni mamba wa Nile, Crocodylus niloticus, huyuhuyu wa Rufiji, Rukwa, Grumeti, Tana, Turkana na Ziwa Victoria. Jina hilo la kisayansi alipewa na Laurenti mwaka 1768.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kupinga apate pa kushika. Mamba si mjusi aliyenenepa. Kwa nasaba yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na kenge. Na mwili wake umeundwa kwa ajili ya kusubiri: karibu kila kiungo nitakachokitaja kinamsaidia kukaa kimya muda mrefu kwa gharama ndogo, halafu amalize shughuli kwa sekunde chache.

Tuanze na kichwa. Pua, macho na masikio vyote vimepangwa juu, kwenye mstari mmoja. Akizama kiasi, mwili mzima uko chini ya maji na bado anavuta hewa, anaona na anasikia. Masikio ni ile mianya miwili nyuma ya macho, ina vifuniko, na akizamia vinafungwa. Matundu ya pua nayo yanafungwa kwa misuli. Macho yana kope la tatu, linaloteleza kutoka pembeni kulinda jicho majini, na nyuma ya mboni kuna utando unaorudisha mwanga. Ndiyo maana ukimmulika tochi usiku macho yanawaka mekundu.

Lakini chini ya maji jicho hilo halioni vizuri, kila kitu kina ukungu. Kinachomsaidia ni ngozi. Mkitazama picha ya karibu ya taya lake mtaona vidoa vidogo vyeusi vimetapakaa kama vimechomwa kwa sindano. Kila kidoa ni kituo cha mishipa ya fahamu, na mwaka 2012 Leitch na Catania walionyesha kwamba kwenye mguso vinaishinda hata ncha ya kidole cha binadamu. Maji yakitikisika kidogo tu, anajua mtikisiko umetokea wapi. Aligeta, ndugu wa mamba anayeishi Marekani, ana vidoa hivyo kwenye taya tu. Mamba wetu anavyo mpaka mkiani.

Naenda kuandaa sehemu ya kinywa, narudi.

Shombo:
Natia nanga hapa mkuu. Ila kabla hujaendelea, si tumeambiwa toka utotoni mamba hana ulimi?

Kasia Mbili:
Anao, Shombo, tena mnene. Umegandamana na sakafu ya kinywa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hawezi kuutoa nje. Mtu akimwona mdomo wazi anaona nyama ya njano imetulia chini, anahitimisha hakuna kitu. Juu ya ulimi huo kuna tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Taplin na Grigg walizieleza mwaka 1981 kwa mamba wa maji chumvi wa Australia, na huyu wetu anazo pia. Ndiyo maana haoni tabu kukaa kwenye midomo ya mito, maji yakiwa nusu chumvi.

Mwisho wa ulimi kuna nyama inayoinuka na kukutana na nyingine inayoshuka kutoka kaakaani. Zikikutana, koo limezibwa kabisa. Njia ya hewa kutoka puani inapita juu ya kaakaa na kutokea nyuma ya kizibo hicho. Kwa hiyo anaweza kumshika nyumbu chini ya maji, kinywa kimejaa maji, ncha ya pua iko juu, na anapumua bila tone kuingia mapafuni. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba hawezi kumeza akiwa chini ya maji. Lazima anyanyue kichwa.

Meno ni 64 hadi 68. Kila jino limekaa kwenye tundu lake ndani ya mfupa, na chini yake kuna jingine linaota. Likidondoka, mrithi yupo tayari, na mchezo huo unaendelea karibu maisha yote. Jino la nne la chini linaonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu linaingia kwenye pengo lililo nje ya taya la juu. Kwa alama hiyo utamtofautisha na aligeta bila kuuliza mtu.

Nguvu ya kuuma: Erickson na wenzake walipima jamii zote za mamba, wakachapisha mwaka 2012. Mamba wa maji chumvi alifikisha nyutoni 16,414, na hakuna mnyama aliye hai aliyewahi kupimwa moja kwa moja akazidi hapo. Wetu ni wa ukoo huohuo wenye taya nzito. Ila misuli ya kufungua mdomo ni midogo, na wataalamu wanaomshika humfunga taya kwa utepe wa gundi au kamba tu.

Kutafuna hawezi, taya lake haliendi kushoto na kulia. Ndiyo sababu ya kujibingirisha. Anauma, anakunja miguu ubavuni, anazunguka mwili mzima mpaka nyama inyofoke. Mzoga ukiwa mwepesi unazunguka naye na hapati kitu, na hapo ndipo utaona mamba wengine wameushikilia huku mmoja anajizungusha. Makusudi au kila mmoja anang'ang'ania chake? Mimi naona ni yote mawili, kutegemea ni nani ameshiba.

Chaki Mkononi:
Mleta mada, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Umesema yuko karibu na kuku. Thibitisha kwa viungo, si kwa maneno. Darasani tunasema reptilia wana moyo wa vyumba vitatu, kuku ana vinne.

Kasia Mbili:
Mwalimu umenirahisishia kazi, maana nilikuwa naelekea hukohuko.

Moyo wa mamba una vyumba vinne kamili, ukuta wa katikati umeziba sawasawa. Kwenye reptilia wa leo, mamba na ndugu zake peke yao ndio wako hivyo. Lakini wana kitu ambacho ndege hana wala sisi hatuna. Kwetu, ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia inapeleka damu mapafuni tu. Kwa mamba, upande huo wa kulia unatoa pia mshipa mkuu wa pili, aota ya kushoto, unaokwenda zaidi tumboni. Karibu na chanzo chake aota hizo mbili zinaunganishwa na tundu dogo linaloitwa tundu la Panizza, kwa heshima ya Bartolomeo Panizza wa Italia aliyelieleza mwaka 1833. Na kwenye mlango wa kwenda mapafuni kuna vinundu vya nyama vinavyoweza kubana njia.

Akiwa juani anapumua kawaida, aota zote mbili zinabeba damu yenye oksijeni. Akizamia, au akiwa ameshiba, anaweza kubana njia ya mapafu, na damu iliyokwisha tumika ikarudi mwilini kupitia aota ya kushoto bila kupita mapafuni. Kwa miaka mingi watu walisema ni kwa ajili ya kuzamia tu. Mwaka 2008 Farmer na wenzake, wakifanya kazi na aligeta, walionyesha faida nyingine: damu hiyo imejaa kabonidayoksaidi, na tumbo linaitumia kutengeneza asidi. Waliofungwa njia hiyo kwa upasuaji walipungukiwa asidi na wakachelewa kuyeyusha mifupa. Kwa hiyo taka ya pumzi inageuzwa kuwa silaha ya kumeng'enya. Kama kuna kiungo kimoja cha mamba ninachokihusudu, ni hiki.

Mapafu sasa. Ndege wanasifika kwa hewa inayopita mapafuni upande mmoja tu, akivuta na akitoa. Mwaka 2010 ikaonekana kwa aligeta, na mwaka 2013 Schachner, Hutchinson na Farmer wakaieleza kwa mamba wa Nile mwenyewe. Kiwambo kama chetu, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hana. Kuna msuli unaotoka nyongani hadi kwenye ini, ukikaza unalivuta ini nyuma, mapafu yanatanuka, hewa inaingia. Ini linakwenda na kurudi kama mpini wa pampu ya baiskeli.

Ukichanganya na ukweli kwamba ukoo wa mamba na ukoo uliozaa dinosaria na ndege ulitengana miaka milioni 250 hivi iliyopita, baada ya kenge na mijusi kushika njia yao, nadhani kuku amepata ndugu.

Chaki Mkononi:
Nimeridhika kwa moyo na mapafu. Damu yenyewe je? Anakaaje chini ya maji muda wote ule?

Kasia Mbili:
Mara nyingi anakaa dakika chache tu. Akitishwa anafika nusu saa, na kwenye maji ya baridi akiwa ametulia kabisa anaweza kukaribia saa mbili. Mapigo ya moyo yanashuka mpaka mawili matatu kwa dakika.

Siri nyingine iko kwenye himoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu. Mamba akikaa bila kupumua, kabonidayoksaidi inageuka bikaboneti kwenye damu, na bikaboneti hiyo inashika himoglobini na kuilazimisha iachie oksijeni iliyobaki. Yaani kadiri anavyochelewa kupanda, ndivyo oksijeni inavyotolewa kwa tishu zinazoihitaji. Mwaka 1995 Komiyama, Nagai na wenzao waliweza kuihamishia himoglobini ya binadamu tabia hiyo kwa kubadilisha sehemu chache tu zilizonakiliwa kutoka kwa mamba.

Kinachomshinda ni mapambano marefu. Misuli yake inafanya kazi bila oksijeni kwa muda mfupi na inajaza damu asidi ya laktiki. Mamba mkubwa akivutana na wategaji kwa muda mrefu anaweza kufa saa kadhaa baadaye bila jeraha, asidi tu imemmaliza. Kwa hiyo akikukosa mara ya kwanza mara nyingi anaacha. Si huruma.

Shombo:
Uzi mrefu kama mkia wa mwenyewe 😂 endelea mkuu tupo.

Mzee Kambare:
Mwanangu Kasia Mbili, umesema vizuri. Sisi wa majini tukimpasua huwa tunakuta kokoto tumboni, tena zimelainika. Wazee walituambia anameza jiwe moja kila mwaka. Na wale ndege wanaomchokoa meno, ni kweli?

Kasia Mbili:
Shikamoo mzee. Kokoto ni kweli, idadi yake kuwa umri wake si kweli. Anazimeza na zinakaa kwenye sehemu ya tumbo yenye misuli minene, kazi ileile ya firigisi ya kuku. Wapo wanaosema zinamsaidia pia kuzama, lakini uzito wake ni mdogo mno ukilinganisha na mwili. Umri husomwa kwenye mifupa, inayoweka pete msimu kwa msimu, ingawa kwa mamba wazee pete za ndani huwa zimeshaliwa.

Ndege wa kuchokoa meno alitajwa na Herodoto zaidi ya miaka 2,400 iliyopita na hadithi haijafa. Ndege wanatembea karibu naye, hata mgongoni, lakini ushahidi wa kuaminika wa wao kuingia kinywani kusafisha haupo. Akipanua mdomo juani mara nyingi anapunguza joto la kichwa.

Na hapo kwenye joto ndipo ubahili wake unapoonekana. Hachomi chakula ili kupasha mwili. Anaota jua asubuhi, likizidi anaingia majini, jioni anabaki majini kwa kuwa maji hupoa polepole. Zile sahani za mfupa mgongoni, mbali na kuwa ngao, zina mishipa ya damu inayosaidia kubeba joto. Matokeo yake mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula chochote.

Watu wanadhani mamba wa Mto Mara wanaishi kwa nyumbu. Utafiti wa Subalusky na wenzake uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kuwa kwa wastani nyumbu 6,250 wanakufa maji mtoni humo kila mwaka, na mamba wanakula kama asilimia 2 tu ya nyama hiyo. Iliyobaki ni ya tai, korongo, samaki, na mifupa inarutubisha mto kwa miaka. Chakula cha kila siku cha mamba wengi ni samaki. Wakiwa wadogo ni wadudu, vyura na kaa.

Binti Ruvu:
Nyongo yake je? Kwetu mamba akiuawa lazima wazee wasimame pale, nyongo ichomwe au imwagwe mbele ya mashahidi, eti tone moja kwenye pombe linaua ukoo mzima.

Kasia Mbili:
Dada, imani hiyo ipo kuanzia kwetu hadi Msumbiji na Zimbabwe, na ina historia ya kusikitisha. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Habari ya kwanza iliyoenea duniani ilikuwa nyongo ya mamba. Vipimo vya maabara vikaja na kitu kingine: bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa kwenye unga wa mahindi uliotumika kutengeneza pombe, akazalisha sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Na huko Zimbabwe, miaka ya 1980, panya walishajaribiwa kwa nyongo ya mamba na haikuonekana kuwa sumu.

Usimamizi wa wazee nauelewa, maana ukishaamini kitu kinaua, unakilinda. Ila hatari yake ni kwamba wakati watu wanamtafuta mwenye nyongo, unga wenyewe bado uko ghalani.

Binti Ruvu:
Duh. Ahsante kaka. Na uzazi je? Nasikia anameza watoto wake.

Kasia Mbili:
Anayeonekana anameza anabeba.

Jike anachimba shimo kwenye mchanga wa ukingoni, kina kama nusu mita, anataga mayai 25 hadi 80, anafukia. Kisha anakaa hapo karibu miezi mitatu, kula kwake ni kwa nadra. Adui mkubwa ni kenge: mama akienda kujipoza majini dakika kadhaa, kenge anafukua. Jinsia haiamuliwi na damu ya baba wala mama, inaamuliwa na joto la mchanga. Kati ya nyuzi 31.7 na 34.5 hivi wanatoka zaidi madume. Chini ya hapo majike, juu ya hapo majike tena. Kiota kimoja, mayai ya juu na ya chini yanaweza kutoa jinsia tofauti.

Wakikaribia kutoka wanaanza kulia wakiwa bado ndani ya yai, sauti kali fupifupi, na zinasikika juu ya mchanga. Mama anafukua kwa miguu ya mbele. Yai lililochelewa analiweka kati ya ulimi na kaakaa, analibingirisha taratibu mpaka ganda lipasuke, kwa taya lilelile lililovunja paja la nyati. Watoto, kila mmoja kama sentimita 30, wanakaa kwenye mfuko wa ulimi unaoshuka chini kwa uzito, vichwa vinachungulia kati ya meno, anawapeleka majini. Tony Pooley wa Afrika Kusini ni mmoja wa walioyaeleza haya kwa undani miaka ya 1970, kabla ya hapo wasomi wengi walidhani ni porojo za wenyeji. Pamoja na ulinzi wote huo, wengi huishia kwa korongo, kambare, kenge na mamba wenzao.

Chaki Mkononi:
Malizia na asili yake. Watu wanasema hajabadilika tangu enzi za dinosaria.

Kasia Mbili:
Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukoo wa mamba umejaribu kila aina ya maisha. Bonde la Rukwa, hapa Tanzania, lilitoa Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010: aliishi miaka milioni 105 hivi iliyopita, ukubwa wa paka, miguu mirefu ya kutembea nchi kavu, na meno ya nyuma ya kutafunia yanayofanana na ya mamalia. Umbo hili tunaloliona leo ndilo lililobaki, halikuwa pekee.

Olduvai nako kulikuwa na Crocodylus anthropophagus, aliyeelezwa mwaka 2010 kutokana na mifupa ya karibu miaka milioni 1.8. Jina lake la Kigiriki linamtaja kuwa mla watu, kwa kuwa mifupa ya binadamu wa kale iliyotoka hapo ina alama za meno ya mamba. Turkana alikuwepo mwingine, Crocodylus thorbjarnarsoni, aliyekadiriwa kufika mita 7 na nusu.

Na mamba wa Nile mwenyewe amegawanyika. Mwaka 2011 Hekkala na wenzake walipima vinasaba, zikiwemo maiti za mamba zilizokaushwa na Wamisri wa kale, wakakuta kuna aina mbili. Yule wa Afrika Magharibi ni Crocodylus suchus, mdogo na mpole zaidi, na maiti walizopima zilikuwa zake. Ajabu ni kwamba mamba wetu ana udugu wa karibu zaidi na mamba wa Amerika kuliko na huyo jirani.

Shombo:
Mkuu bado hujasema ukubwa. Yule mamba maarufu Gustave wa Burundi vipi? Na sheria inasemaje mtu akitaka ngozi?

Kasia Mbili:
Dume la kawaida ni mita 4 hadi 5, la mita 4 na nusu linapita kilo 400. Majike ni wafupi zaidi. Gustave wa Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika alikadiriwa kupita mita 6, lakini hakuwahi kukamatwa, kwa hiyo ni makadirio ya macho. Yupo pia anayetajwa kuuawa karibu na Mwanza mwaka 1905, inasemekana alikuwa na mita 6 na karibu nusu. Aliyepimwa bila ubishi ni wa aina nyingine: Lolong wa Ufilipino, mamba wa maji chumvi aliyekamatwa mwaka 2011, mita 6.17 na kilo 1,075.

Ngozi inayotafutwa ni ya tumboni kwa kuwa haina mifupa. Uwindaji wa miaka ya 1940 hadi 1960 ulikaribia kuwamaliza sehemu nyingi, ndipo CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ukabana biashara kuanzia mwaka 1975. Leo mamba wa Tanzania wako Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, yaani biashara ni kwa kibali, na wa porini wanaoruhusiwa kutoka nje hawazidi 1,600 kwa mwaka, nyara za uwindaji zikiwemo. Bila kibali, ngozi hiyo ni kesi.

Mzee Kambare:
Huyo wa Mwanza alipimwa na nani? Mamba akifa kila mtu anampima kwa hofu yake.

Kasia Mbili:
Ndiyo maana nimesema inasemekana, mzee. Ukikuta fuvu, usibishane na mtu. Pima kutoka ncha ya pua hadi ukingo wa nyuma wa kichwa, kisha zidisha kwa saba, utapata urefu wa karibu na ukweli. Mamba wa mita 6 na nusu anahitaji kichwa cha sentimita 90 na zaidi. Anayekuja na hadithi ya mita 8, mwombe fuvu la mita moja na ushee kwanza.